Chumvi Katika Mfereji wa Jikoni

Vijana wa dukani wameniomba niandike. Wanasema kijitabu kinachokuja na mtambo kinaeleza kila kitu isipokuwa yale yanayotokea. Nami sasa nina nafasi. Asubuhi nakunywa chai nikiwa nimekaa, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Basi naandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayamfai mtu aliyepiga magoti mbele ya vali inayovuja.

Jina langu ni Dama, mzaliwa wa Mikindani. Niliingia duka letu la Magongo kama mfagiaji. Duka liliuza pampu, matangi na mitambo ya kulainisha maji, na mimi kazi yangu ilikuwa kuondoa vumbi la malori juu ya vitu hivyo vyote. Mitambo ile niliipangusa miezi minane bila kujua ni ya nini. Nilidhani ni mitungi ya gesi ya matajiri.

Kwa aliye mgeni wa kazi hii: maji ya visima vyetu upande wa bara, kuanzia Changamwe hadi Kisauni na Likoni, hupita katika mawe ya matumbawe na hutoka yamebeba chokaa. Sabuni haitoi povu, birika huota ukoko mweupe, vitundu vya bafu huziba. Mtambo una tungi lililojaa chembe ndogo kama mayai ya samaki, na hizo ndizo zinazoishika chokaa. Zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi yanayovutwa kutoka pipa lililo pembeni, uchafu ukamwagwa mtaroni, na kazi ikaanza upya. Hiyo ndiyo elimu yote. Yaliyobaki ni usafi.

Fundi wetu aliitwa Mzee Shee, mtu wa Mvita wa asili, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sijapata kuiona na doa. Asubuhi moja alipata habari kuwa mtambo wa nyumba moja ya Kisauni umegoma. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, alikuwa amefiwa na mumewe na yumo edani, hawezi kuonana na mwanamume asiye wa damu yake. Mwanawe wa pekee, Nassir, alikuwa skuli. Na mtambo wenyewe ulikuwa ua wa ndani, mlangoni pa jiko. Mzee Shee alisimama katikati ya duka ameshika kiuno, akanitazama nikipiga deki.

“Dama, weka huo ufagio,” akasema. Kisha akafikiri. “La, uchukue. Twende.”

Ndivyo nilivyoingia katika ufundi. Yeye alikaa barazani nje, mimi nikaingia ndani, na ukuta ukawa baina yetu. Juu ya ukuta kulikuwa na matundu ya kupitisha hewa, na kwa matundu hayo sauti yake ilinifikia.

“Fungua kifuniko cha pipa. Waona nini?”

“Chumvi, mzee. Imejaa.”

“Imejaa kweli, ama yakwambia imejaa? Igonge kwa mpini.”

Niligonga. Ililia kama ngoma.

“Umesikia?” akauliza kutoka nje. “Hiyo imefanya dari. Juu chumvi, chini hakuna kitu, na mai yamekaa huko chini hayajui hata chumvi ina ladha gani. Sasa ivunje. Anza kandokando, polepole. Usichome kwa nguvu, utatoboa pipa na mimi nitakuwa sina la kumwambia Bibi.”

Nilivunja. Mapande makubwa yaliporomoka ndani, na nyuma yangu nikasikia mtu akivuta pumzi. Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya mkeka mlangoni pa jiko, amevaa nguo nyeupe, ananitazama. Nilikuwa sijamwona alipoingia.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo pipa alikuwa akilitazama mume wangu kila Ijumaa, kabla hajakwenda msikitini. Tangu aondoke hakuna aliyelifungua.”

Niliendelea kuzoa mapande ya chumvi kwa mikono, nikalisugua pipa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikasuuza, nikarudisha chumvi safi, nayo si mpaka mdomoni. Kisha Mzee Shee akanielekeza niuzungushe mshale wa vali mpaka alama ya kuoshea. Mtambo ukakohoa, ukavuta maji, na bomba la taka likaanza kutema.

“Dama!”

“Abee!”

“Yatoka?”

“Yatoka, mzee.”

Tulingoja zaidi ya saa nzima, yeye nje, mimi na Bi Zuhura ndani. Kisha Bi Zuhura akanawa mikono kwa sabuni pale mferejini. Povu lilipopanda mpaka vifundoni akalitazama kwa muda mrefu. “Wewe ni fundi?” akaniuliza.

“La, Bi. Mimi nafagia.”

“Basi leo umefagia vyema.”

Siku ya pili Mzee Shee aliniletea bisibisi na tochi. Aliviweka juu ya ndoo yangu ya deki. Miaka iliyofuata nilimbebea mkoba, na baadaye tukawa tunapokezana. Nyumba nyingi za mjini mchana hubaki na wanawake, na fundi mwanamke aliingia mahali ambapo fundi mwanamume angengojeshwa barazani hadi jioni. Wapo waliocheka. Wengine waliniuliza fundi mwenyewe anakuja saa ngapi. Niliwajibu kuwa yumo njiani, na kufikia wakati walipochoka kumngoja, mimi nilikuwa nimemaliza.

Mzee Shee alinifundisha mambo machache na akayarudia mara nyingi. Funga maji kwanza, geuza vali ya kando ili nyumba ipate maji bila kupitia mtambo, toa presha, ndipo ushike spana. Kile kijitundu kinachovuta maji ya chumvi, kikiziba, usikizibue kwa sindano. Sindano hukipanua, na kikishapanuka hakifai tena. Tumia kijiti cha meno. Boya ndani ya pipa lioshwe kwa mswaki mkuukuu, maana likikwama maji hufurika mpaka uani. Chumvi iwe safi. Watu wengi hununua chumvi ya mawe yenye mchanga na matope kwa kuwa ni rahisi, kisha humwita fundi kuuliza kwa nini mtambo umekula matope. Nilipata kutoa ndani ya pipa moja la Likoni chaza, kijiko, na soksi ya mtoto. Soksi sikupata maelezo yake mpaka leo.

Kipimo chake kilikuwa chupa ndogo. Ajaze maji nusu, adondoshe sabuni matone matano, atikise. Maji laini hupandisha povu likakaa. Maji magumu hubaki kama maziwa yaliyoharibika. Baadaye duka lilileta vipimo vya karatasi vyenye rangi. Mzee Shee alivitumia pia, kwa heshima, kisha akatikisa chupa yake.

Macho yalipoanza kumpa taabu, aliacha kazi, akakaa kwake. Mimi nikabaki na wateja wake wote, na Bi Zuhura akiwa wa kwanza. Alikuwa sasa nyanya. Nassir alikuwa mtu mzima, mkali kidogo, mwenye kazi bandarini, na mkewe Swabra alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Faiz, wa miezi mitatu. Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilikwenda Kisauni kufanya usafi wa mwaka. Nilifungua vali, nikatoa mipira yake, zile pete za kuziba maji, nikaiosha mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa na mkato ukingoni, mdogo kama ukucha wa mtoto. Nikatafuta mwingine mkobani, hamna. Nilijua la kufanya: kugeuza vali ya kando, kuwaacha na maji magumu mpaka Jumatatu, na kuondoka. Lakini Swabra alikuwa na nguo za mtoto za kufua, Bi Zuhura alikuwa ameshaniambia kuwa wageni wanakuja Jumamosi, nami sikutaka kuonekana fundi aliyekuta mtambo mzima akauacha haufanyi kazi. Nikaupaka ule mpira mafuta yake, nikaurudisha, nikafunga. Mtambo ulizunguka vizuri. Nilitikisa chupa, povu likapanda. Nikasema, “Jumatatu nitarudi kubadilisha kimpira kimoja,” nikaenda zangu Mikindani.

Jumatatu nilirudi na mpira mpya. Bi Zuhura alinifungulia mwenyewe, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

“Faiz hajambo?” niliuliza, kwa kuwa sikumsikia.

“Wamempeleka hospitali alfajiri. Tangu jana alia tu. Akinyonya chupa, yaisha, alia. Apewa nyingine, alia. Mwili wamuwaka moto. Usiku akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikotutisha. Keti, mwanangu, unywe chai. Nassir atapiga simu.”

Alinimiminia kikombe. Nilipiga funda moja, nikalishikilia mdomoni. Chai ilikuwa na chumvi.

“Bi Zuhura, chai hii ina chumvi.”

“Nimesema hivyo tangu jana! Nikadhani yule msichana wa kazi amechanganya makopo. Nimemgombeza bure?”

Nilinyanyuka nikaenda mferejini, nikakinga maji kiganjani, nikaonja. Yalikuwa na chumvi. Mtambo unapojiosha, watu wakiwa wamelala, maji ya chumvi hupita ndani ya vali njia yake, na maji ya nyumba njia yao, na kinachoyatenga ni ile mipira. Mmoja wa walinzi hao nilimwacha amekatika. Chumvi ilikuwa ikipenya kuingia bomba la nyumba.

“Watu hapa hunywa maji gani?” niliuliza.

“Sisi hunywa ya chupa kubwa, yale ya kununua. Ya mferejini ni ya chai na kupikia.”

“Na maziwa ya mtoto?”

“Ya kopo. Swabra huyachemshia maji ya hapo hapo. Alisema ni masafi, yamepita katika mtambo.”

Nitawaambia kweli, kwa kuwa hakuna maana ya kuandika vinginevyo. Kwa muda, labda wa kuhesabu mpaka kumi, niliwaza kubadilisha ule mpira kimyakimya, kusuuza mabomba, na kwenda zangu. Hakuna ambaye angejua. Mtoto yuko kwa madaktari, nilijiambia, wao ndio wajuao. Kisha nikawaza kuwa madaktari hawakuonja ile chai.

Niligeuza vali ya kando, nikajaza chupa ya Mzee Shee kwa maji ya mfereji mwingine ambao haukuwa umefunguliwa tangu asubuhi, nikamwambia Bi Zuhura, “Kosa ni langu. Nakwenda hospitali,” nikatoka nje nikitafuta pikipiki.

Niliwakuta kwenye wadi ya watoto. Swabra alikuwa amempakata Faiz, naye amelegea, midomo imekauka kama ya mtu aliyefunga siku nyingi. Nassir alisimama aliponiona, akidhani nimetumwa na mamake.

“Mama ana nini?”

“Mama mzima. Daktari yuko wapi?”

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi kwa mbali, amechoka, ana faili tatu mkononi. Nilimpa chupa. Nikamweleza mbele yao wote: mpira uliokatika, chumvi, maji ya mferejini, maziwa ya kopo, tangu Jumamosi. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Yeye hakunishangaa wala hakunilaumu. Alidondosha maji kidogo kidoleni, akaonja, akageuka upesi.

“Dada, vile vipimo vya damu viharakisheni,” akamwambia muuguzi. “Na hii dripu isimame kwanza. Tutaipanga upya.”

Kisha akatueleza, polepole, kuwa chumvi ikizidi mwilini mwa mtoto haitolewi kwa pupa. Akimiminiwa maji mengi kwa haraka ubongo huvimba. Itachukua siku mbili, pengine tatu. “Ni vizuri tumejua sasa,” akasema.

Nassir alingoja aondoke. “Ni wewe?” akaniuliza.

“Ni mimi.”

“Uliuona umekatika?”

“Niliuona.”

“Ukaurudisha.”

“Nikaurudisha.”

Alikunja ngumi, akaikunjua. “Ondoka hapa. Usiondoke kwa ubaya, ondoka tu. Siwezi kukutazama.”

Swabra hakuinua macho. Niliondoka.

Sikwenda dukani. Nilikwenda kwa Mzee Shee. Alikuwa amekaa ukumbini na redio yake, akanijua kwa hatua zangu. Nilimweleza yote huku nalia, nikingoja aniambie kuwa ni ajali, kuwa ingeweza kumpata yeyote. Hakuniambia hivyo.

“Ulikwenda kuwambia mwenyewe?”

“Nilikwenda.”

“Kwa mdomo wako, mbele ya daktari?”

“Ndiyo.”

“Basi la mtoto liko kwa Mungu na kwa huyo daktari. Lako wewe ni mtambo. Waliobaki nyumbani watumia mai gani sasa hivi?”

“Nimegeuza vali ya kando.”

“Kesho kautengeneze. Wakikufukuza, rudi kesho kutwa. Na dukani ukaseme leo, si kesho.”

Dukani nilisema. Mwenye duka akanisimamisha nisiende kwa mteja yeyote mpaka ijulikane hali ya mtoto. Niliomba ruhusa ya nyumba moja tu, akanipa. Zile siku tatu nilishika tena ufagio wa duka, kwa hiari yangu, maana mikono ilikataa kukaa bure.

Jumanne Nassir alinirudisha mlangoni. Jumatano pia. Alhamisi Bi Zuhura ndiye aliyefungua, akanishika mkono akaniingiza, na mwanawe aliyekuwa nyuma yake akasema, “Mama!”

“Mtoto amefungua macho, amenyonya, amecheka na muuguzi,” Bi Zuhura akamjibu bila kugeuka. “Sasa nataka maji yangu. Wewe wajua kuufungua huu mtambo?”

Nilipiga magoti nikaanza. Nilitoa mipira yote, si mmoja, nikaweka mipya. Nilisafisha kijitundu, boya, chujio. Nilimwaga pipa lote, nikaliosha, nikajaza chumvi upya. Niliuosha mtambo mara mbili, nikafungulia kila mfereji wa nyumba mpaka mabomba yakasafika. Kisha nikakata bomba la jikoni, nikaunga mfereji mdogo wa pili uliotoka moja kwa moja tangini bila kupitia mtambo. Nassir alisimama muda wote huo akinitazama mikono. Alipoona nimemaliza alichukua gilasi, akaijaza kwa mfereji ule wa zamani, akanipa.

“Kunywa.”

Nilikunywa yote. Akajaza ya pili, nikadhani ni yangu pia. Akainywa mwenyewe, taratibu, hadi tone la mwisho, kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

“Ya mtoto yatatoka wapi?” akauliza.

“Mfereji mdogo. Yatakuwa magumu, birika litaota ukoko, mtaukwangua. Lakini hayatapita kwenye chumvi hata siku moja. Na chai ya Bi Zuhura ipikwe kwa hayo hayo, maana mtambo huacha chumvi kidogo majini, naye ana presha.”

Faiz alirudi nyumbani Jumamosi. Sikuwapo. Swabra alinitumia ujumbe wa maneno mawili: “Amerudi. Alhamdulillahi.” Nilikaa chini pale pale nilipokuwa, sakafuni, katikati ya duka.

Tangu siku hiyo kila nyumba niliyoshika imepata mfereji wake mdogo wa jikoni. Nimegombana na mafundi wa mabomba, na wasanifu wa nyumba, na mabwana waliodhani nataka kuwaharibia marumaru. Na mpira uliokatika sijaurudisha tena, hata mteja atukane. Nassir hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuwahi kumwuliza. Mwaka uliofuata, wakati wa usafi ulipofika, alipiga simu dukani akasema, “Mtumeni yule mama. Mwingine simtaki.”

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Miritini, katika zile nyumba mpya karibu na stesheni. Mume na mke, vijana, wamejenga kwa taabu, wamechimba kisima chao wenyewe. Walikuwa wamemsikia jirani akisifia mtambo, na walitaka wao pia maji matamu. Nilionja maji yao. Hayakuwa magumu tu. Yalikuwa maji ya chumvi ya bahari iliyoingia ardhini.

“Mtambo wetu huondoa chokaa,” niliwaambia. “Chumvi hii hautaiondoa hata mkinunua mitatu. Msinunue.”

Yule mke alinikazia macho. “Lakini mama, si wewe unayeuza?”

“Ndiyo, mwanangu. Mimi ndiye ninayeuza.”

Walicheka, mimi pia nikacheka, wakaniletea kiti. Tulizungumza juu ya matangi ya mvua, na upande wa paa unaofaa kuwekwa mfereji wa kukingia maji, mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikarudi Magongo na mkoba wangu, sijauza kitu, sijafungua hata skrubu moja, nikauning'iniza mahali pake ukutani, nikawaaga vijana wa dukani.